Mama Mkubwa Alipoanua Nguo Zisizo Zake

Mama Mkubwa alisimama maisha yake yote, na siku aliyosema sasa nataka kukaa, akaambiwa benchi lina wenyewe.

Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali. Alianza kazi akiwa msichana mwembamba, akastaafu akiwa na miguu iliyovimba na mishipa iliyojisokota nyuma ya magoti kama mizizi. Katika chumba kile hakukuwa na kiti. Si kwamba viti vilivunjika vikasahauliwa. Havikuwekwa tangu jengo lilipofunguliwa, kwa sababu mkubwa fulani aliona kuwa mpiga pasi akiketi atasinzia. Wanawake walisimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi, mvuke ukiwapanda usoni, na aliyechoka aliegemea ukuta kidogo akijifanya anatafuta kitu. Kiti kilikuwa kimoja tu, cha msimamizi. Alikiweka mlangoni penye upepo, na kila alipotoka alikifungia ofisini, asije akakuta kimepata joto la mtu mwingine.

Hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini alilea wa wadogo zake wote, akaongeza na wa jirani aliyekuwa mgonjwa. Ndiyo maana jina la Mama Mkubwa lilimganda. Walimwita hivyo watoto, wakamwita hivyo wazazi wao, na hata fundi viatu wa pale mtaani, mzee aliyemzidi umri kwa mbali, naye alimwita Mama Mkubwa na hakuona ajabu.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu. Mvua ikianza kudondoka, hawezi kukaa ndani. Kule hospitalini shuka zilianikwa kwenye kamba nyuma ya jengo, na tone la kwanza likianguka mmoja wao alipiga ndoo kwa mwiko, wote wakaacha pasi wakakimbia. Hakukuwa na mchezo katika jambo lile. Shuka ikilowa, kuna mgonjwa atakayelala juu ya godoro la mpira tupu, jasho likimtiririka mgongoni, au mama aliyejifungua muda huo huo atakayefunikwa na gauni lake mwenyewe. Kwa hiyo walianua kama watu wanaookoa vitu kwenye moto. Tabia ile alikwenda nayo nyumbani. Wingu likifunga, Mama Mkubwa alitoka mbio kwenda kwenye kamba yoyote iliyo karibu, iwe yake iwe ya mtu. Kulikuwa na jirani mmoja waliyenuniana miaka na miaka kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Siku moja jirani yule alirudi kutoka mjini mvua ikimpiga, akakuta nguo zake zote mlangoni, zimekunjwa zikafunikwa na karai. Hakusema ahsante, na kununiana kukaendelea vile vile. Ila tangu siku hiyo alikuwa akianika nguo na kuondoka bila hata kutazama juu.

Sasa, juu ya meza yake ya pasi palitundikwa kalenda. Mwaka wake ulikuwa umepita zamani, lakini hakuna aliyeitoa kwa sababu ya picha. Ilikuwa picha ya bustani ya zamani katika mji mkubwa wa mbali: miti minene iliyokutana juu kama paa, bwawa la duara lenye bomba la kurusha maji katikati, na kando ya bwawa benchi la chuma la rangi ya kijani, halina mtu. Mama Mkubwa alilitazama benchi lile kila siku ya kazi. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba Mungu akimjalia atakwenda pale akae. Wakamuuliza akae afanye nini. Akasema akae. Akae tu? Akae tu. Wakacheka mpaka mmoja akaunguza foronya.

Mungu akamjalia. Mdogo wake wa mwisho, ambaye ukoo mzima unamwita Kitinda, alipata mjukuu wake wa kwanza, na binti aliyejifungua alikuwa ameolewa mbali, siku nzima na usiku kwa treni. Dada wawili wakafunga safari kwenda kumwona mtoto. Walipokuwa wanarudi iliwabidi kubadilisha treni katika mji ule wa kwenye kalenda. Waliteremka asubuhi, na treni ya kwao ilikuwa ya jioni. Kitinda alitaka madukani. Mama Mkubwa alisema hata kama atakwenda kwa kutambaa, leo anakwenda bustanini.

Lakini kwanza walipita sokoni nyuma ya stesheni, na huko wakakosana. Mama Mkubwa alisimama kwenye duka la vitambaa, akaomba ateremshiwe jora la pamba nyeupe. Akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akalishika juu mwangani. Muuza duka akamuuliza kwa adabu kama ni la mapazia. Mama Mkubwa akamjibu kwamba ni la kwake mwenyewe, la siku ya kuondoka, na amkatie la kutosha kwa mtu mrefu.

Kitinda akageuka akatazama barabarani. Walipotoka dukani ndipo akasema.

"Dada, wenzako wakisafiri wananunua viatu."

"Viatu ninavyo."

"Tumetoka kumpakata mtoto mchanga. Hata siku mbili hazijapita. Wewe unakwenda kununua sanda."

"Nimekaa na shuka maisha yangu yote," Mama Mkubwa akasema, "sitaki kufungwa kwenye kitambaa kilichochaguliwa na mtu aliyechanganyikiwa kwa kilio. Na wewe ndiye utakayechanganyikiwa, nakujua."

 Kitinda alichukua kapu lao la safari akalibeba yeye, lakini kwa namna ya kuonyesha kwamba amekasirika, akitangulia hatua kadhaa mbele. Ndani ya kapu mlikuwa na chupa ya chai, mkate, kitabu cha sala, shuka ya kujifunika kwenye treni, na juu ya vyote kitambaa kile cheupe ndani ya karatasi.

Hasira yake iliisha getini. Bustani ilikuwa ile ile ya kwenye picha, ila hai. Baridi ya miti iliwapokea usoni kama mlango wa chumba chenye kivuli unapofunguliwa. Kwenye nguzo ya geti palikuwa na jiwe lenye maandishi ya kuchonga, nusu yake imezibwa na viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kitinda alikuwa amesoma sekondari, na kila penye maandishi alisoma kwa sauti, hata kwenye chupa za dawa. Akainama pembeni ya viti akamsomea dada yake: bustani ile ilitolewa kwa wakazi wa mji na wageni wake, wapumzike humo bila malipo, vizazi na vizazi.

"Na wageni wake," Mama Mkubwa akarudia. "Si ndiyo sisi hao?"

Walitembea polepole kwenye njia za kokoto. Miti ilikuwa mikubwa kiasi kwamba watu watatu wakishikana mikono wasingeizunguka, na magome yake yalikuwa na majina ya wapendanao yaliyochongwa zamani yakanenepa pamoja na mti. Bomba la katikati ya bwawa lilirusha maji kidogo tu, kama mzee anayekohoa, lakini lilirusha. Na benchi lilikuwepo. Rangi ilikuwa imebanduka mahali fulani ikaacha kutu, na mguu mmoja ulikuwa umezama udongoni, lakini lilikuwa lile lile. Mama Mkubwa alisimama mbele yake. Kisha akageuka, akashika mkono wa benchi, akajishusha taratibu kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto, akakaa. Akavua viatu. Akanyoosha miguu.

"Eh," alisema. Basi.

Hakufika hata kufungua chupa ya chai. Mlinzi alikuja, mtu wa makamo mwenye koti lililompwaya mabegani, akawasalimu vizuri, kisha akasema benchi hilo limetengwa. Kitinda akauliza limetengwa na nani. Mlinzi akasema kuna sherehe ya harusi jioni, ya watu wazito, wamekodi upande wote wa bwawa. Kitinda akasema jioni ni jioni na sasa ni asubuhi. Mlinzi akasema ni kweli, lakini ameambiwa.

Mama Mkubwa akavaa viatu. Mtu aliyezoea kuambiwa hasumbui. Wakahamia kwenye nyasi chini ya mti, wakatandika shuka ya treni. Mlinzi akarudi, safari hii akitazama chini, akasema nyasi hizo pia zimo. Wakahamia ngazi za kijukwaa cha duara chenye paa la mabati, ambacho zamani kilikuwa cha wapiga bendi. Hapo wakaachwa, ingawa hapakuwa na pa kuegemea, na jiwe la ngazi lilikuwa baridi.

Mtu ajiulize jambo hili, kwa sababu familia imejiuliza na haijapata jibu. Bustani ni ya watu wote, imeandikwa kwenye jiwe. Je, mtu akitoa fedha anaweza kukodi kivuli cha miti iliyopandwa na watu waliokufa zamani kwa ajili ya wapita njia? Aliyepokea fedha hizo aliuza kitu cha nani? Na kama ni lazima kukodisha, lingepungua nini benchi lile likikaliwa na mwanamke mmoja mzee mpaka saa ya wageni ifike? Lakini tuyaache hayo, kwa maana kubwa lilikuwa bado.

Kwenye ngazi za bendi dada wawili wakanywa chai. Wakapatana. Kitinda akamtania kwamba kumbe amesafiri mpaka mwisho wa dunia kuja kukaa kwenye ngazi, na ngazi hata kwao zipo. Mama Mkubwa akasema ngazi za kwao hazitazamani na maji. Akamrudisha mtoto mchanga katika mazungumzo, akasema ana masikio ya baba yao, yale ya kutoka nje kama vikombe, masikini, Mungu amsaidie. Kitinda akacheka mpaka chai ikamwingia puani. Familia inashukuru kwamba hata saa ile fupi aliipata.

Wingu lilikuja kutoka nyuma ya miti, wao hawakuliona. Walichoona ni upepo ukigeuza majani. Mama Mkubwa akainua kichwa, na alipoinua akaona kitu ambacho kilimshtua mwili mzima. Ng'ambo ya njia kulikuwa na ua wa miti mifupi iliyokatwa sawasawa, na juu yake, kwa urefu wote, palikuwa na vitambaa vyeupe vimetandazwa. Vipana, virefu, vingi. Hakukuwa na mtu karibu. Tone la kwanza likapiga bati la kijukwaa.

"Nguo zinalowa," alisema.

"Dada, hizo si zako."

"Mwenyewe hayupo."

"Huyajui mambo ya hapa. Kaa."

Lakini kumwambia Mama Mkubwa akae wakati nguo zinalowa ni kumwambia mtu asikohoe. Alikwisha kushuka ngazi, viatu alivyovua tena ameviacha pale juu, miguu ile iliyovimba ikikanyaga kokoto. Alivuta kitambaa cha kwanza kutoka kwenye ua, akakitupa begani, akavuta cha pili. Kitinda alisema moyoni kwamba akimwacha peke yake ataanguka, akamfuata. Wakaanua vyote wawili, wakirudi mbio kijukwaani mikono imejaa, na mvua ikateremka kweli kweli wakati wa kile cha mwisho. Chini ya bati, Mama Mkubwa hakupumzika. Akamwambia mdogo wake ashike pembe, wakakunja kimoja baada ya kingine kama zinavyokunjwa shuka za wodini: pembe kwa pembe, wasogeleane, nusu, tena nusu, kisha mara tatu kwa urefu, pindo likiingia ndani. Kilikuwa kilima cheupe, kikavu, kimenyooka. Mama Mkubwa alikitazama kwa uso wa mtu aliyeokoa wodi nzima.

Mvua ikapita upesi. Ndipo akaja mpambaji.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vizuri na simu mkononi, nyuma yake yule mlinzi. Walikuwa kwenye gari la mizigo nje ya geti, wakisubiri mvua. Vile vitambaa vilikuwa vya kupambia harusi. Walivitandaza juu ya ua vijinyooshe kabla ya kuvitundika mitini. Sasa alikuta ua mtupu, na vitambaa vyake vimerundikwa kando ya kapu la wanawake wawili wasiojulikana.

Mama Mkubwa alimtabasamia. Alikuwa anangoja kuambiwa Mungu akubariki.

"Mlikuwa mnavipeleka wapi?" mpambaji akauliza.

Kitinda akaeleza. Akaeleza mvua, akaeleza hospitali, akaeleza na ndoo na mwiko. Mpambaji hakusikiliza hata nusu. Alishika kitambaa cha juu akakikunjua, na alipoona mistari ya mikunjo akawaka. Vitambaa vimenyooshwa tangu jana kwa mashine ya mvuke, alisema, na hawa wamekuja kuvitia makunyanzi. Mama Mkubwa, ambaye alikuwa amekwisha kuona kwamba mashine yenyewe iliruka pindo zote, akanyamaza kwa heshima. Ndiyo, akanyamaza. Kisha mpambaji akaliona kapu, na katika kapu karatasi, na katika karatasi weupe.

Hakuomba ruhusa. Alimwambia mlinzi alifungue. Mlinzi akasita, akaambiwa kama kazi imemchosha aseme. Akaliinua kapu akalipindua. Chupa ya chai ikagonga jiwe. Kitabu cha sala kikafunguka kikaanguka kifudifudi. Mpambaji akachomoa kitambaa kutoka kwenye karatasi, akakishika juu mbele ya watu wa bustani waliokuwa wameanza kusogea, akasema hiki hapa, wezi wa kisasa wana mvi.

Wezi. Neno hilo lilisemwa mbele ya mwanamke aliyepokea kwa mikono yake shuka za watu waliokufa, na katika mikunjo akakuta pete, akakuta hirizi, akakuta hela za mazishi, na kila kitu akakipeleka kwa ndugu wa marehemu. Lilisemwa na mtu aliyekuwa na umri wa watoto aliowalea. Kitinda alitaka kumrukia. Mama Mkubwa akamshika kiwiko.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake haikupanda, "hiki ukipenda kitundike. Kinapendeza, pamba tupu. Ila uwaambie maharusi kwamba ni sanda yangu. Nimeinunua leo sokoni."

 Mpambaji alitazama mikono yake kama mtu aliyeambiwa ameshika nyoka, akakiachia. Kitambaa kikaanguka kutoka kijukwaani, kikafika chini kwenye kokoto zilizolowa, na upindo mmoja ukaingia kwenye tope.

Kama hadithi ingekuwa na haki, hapo angeomba radhi. Hakuomba. Alirudi nyuma, akajifuta viganja kwenye sketi, akamgeukia mlinzi kwa sauti ya chini lakini ya haraka. Sasa Mama Mkubwa hakuwa mwizi tena, alikuwa mkosi. Nani aliyemruhusu mtu kuingia na sanda mahali pa harusi. Bibi harusi akisikia itakuwaje. Watolewe, watolewe sasa hivi, na pale waliposimama pamwagiwe maji. Dakika chache zilitosha kumgeuza mwanamke yule yule mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ni kosa lake.

Mama Mkubwa alishuka ngazi akaokota kitambaa chake. Akakikung'uta. Akalifuta lile tope kwa kidole, likazidi kuenea. Kitinda alikuwa ameketi ngazini analia kwa hasira, hawezi kushika kitu, kama alivyotabiriwa. Kitambaa kile kilikuwa kirefu, na kitambaa kirefu hakikunjwi na mtu mmoja.

"Wewe," Mama Mkubwa akamwambia mlinzi. "Wewe ndiye uliyepindua kapu. Njoo ushike pembe."

Mpambaji akamwambia mlinzi aache upuuzi. Mlinzi akamtazama mpambaji, akamtazama mama yule aliyesimama peku kwenye kokoto, miguu imevimba, ameshika pembe mbili za sanda yake na pembe mbili zinaburuta. Akavua kofia akaiweka kwenye ngazi. Akaja akashika. Hakujua namna, akawa anaambiwa: vuta, kaza, usilegeze, sasa nisogelee. Walisogeleana mbele ya watu wote, wakaonana uso kwa uso, na mlinzi akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake pia alikuwa ameweka ya kwake sandukuni, wakaipata baada ya msiba.

"Basi unajua," Mama Mkubwa akasema.

"Najua, mama. Unisamehe." Kisha akatazama getini. "Lakini nimeambiwa niwatoe."

"Utufikishe wapi?"

"Nje."

"Nje kuna mahali pa kukaa?"

Alifikiri kweli. Mbele ya geti palikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara ukuta. Akasema hapana, hakuna.

"Basi," akasema Mama Mkubwa, "mimi nakwenda kukaa. Ukitaka kunitoa uje unibebe, na unibebe vizuri, maana magoti haya hayataki kukunjwa. Huyu binti akitaka kuita polisi aite. Nitawaambia niliiba mvua."

Akarudisha kitambaa kapuni, akaweka juu yake kitabu cha sala baada ya kukibusu. Hakwenda kwenye ngazi. Alitembea moja kwa moja, Kitinda akimfuata na viatu vyake mkononi huku anajipangusa machozi, mpaka kando ya bwawa, kwenye benchi la kijani. Sasa lilikuwa limefungwa utepe mweupe kutoka mkono hadi mkono. Mama Mkubwa aliufungua utepe, akaukunja vizuri, akauweka mwishoni mwa benchi. Akakaa.

Mpambaji alisimama mbali, simu sikioni, akizungumza na mtu fulani huku akirusha mkono. Alionyesha kidole. Huenda mtu wa upande wa pili alikuwa na akili, au huenda alikuwa na kazi nyingine, kwa maana hakuna polisi aliyekuja. Mlinzi naye akaenda akasimama kwenye njia, mgongo ameuelekeza kwenye benchi, kana kwamba upande ule hauna kitu cha kulinda. Vijana wa mpambaji wakavichukua vitambaa kutoka kijukwaani. Vilikuwa vikavu, kila mmoja aliona kuwa ni vikavu, na walipovitundika mitini mikunjo yake ilikuwa imenyooka kiasi kwamba ilionekana ni urembo uliokusudiwa. Hakuna aliyevuka njia kuja kusema neno.

Waliketi hapo mpaka kivuli cha miti kikafika majini.  Mama Mkubwa alisali kidogo, midomo ikitikisika. Kitinda anasema hakuwa na amani, na asiwepo wa kudanganya kwamba alikuwa nayo. Mara kwa mara alitazama nyuma, kama mtu anayetarajia kuguswa bega. Miaka yote ile alikuwa akilitazama benchi lile juu ya meza ya pasi, na alipolipata alilikalia nusu nusu, misuli imekaza, kapu limebanwa magotini. Hilo ndilo walilomnyang'anya. Kitambaa alirudi nacho, na jina lake pia, lakini mapumziko hakurudi nayo. Na kwa hilo hakuna mlango wa kwenda kushtaki, isipokuwa ule wa Mungu.

Kwenye treni Kitinda bado alikuwa anachemka. Aliwasimulia abiria wa pembeni, akawasimulia na waliopanda kituo kilichofuata. Aliapa kwamba hata akipewa tiketi ya bure hatakanyaga tena mji ule, na bustani yao waifanye zizi la ng'ombe. Abiria wakamuunga mkono, mmoja akasema angekuwa yeye angemwaga vitambaa vyote bwawani.

Mama Mkubwa alikuwa ameegemea dirisha. Walidhani amelala.

"Mimi nitarudi," alisema. "Sijamaliza kukaa."

Hakurudi. Moyo wake ulichoka kabla ya mvua za mwaka uliofuata, akaondoka asubuhi wakati watu wanaamka, bila kumsumbua mtu, na akavikwa pamba ile ile ikiwa na alama ya tope iliyokataa kutoka kwa sabuni ya aina yoyote. Mwenyezi Mungu amweke mahali ambapo hakuna wa kumwambia inuka.

Na Kitinda, yule aliyeapa, ndiye anayekwenda. Kila akienda kumwona mjukuu, treni ikimshusha katika mji ule, hapiti madukani. Anaingia bustanini akiwa na chupa ya chai, anakwenda hadi kando ya bwawa, anavua viatu, anakaa. Mara mbili amekuta utepe, na mara zote mbili ameufungua. Mlinzi mpya, kijana, alimfuata akamwambia kwamba benchi hilo limetengwa. Akamjibu kwamba anajua, na kwamba dada yake hakulimaliza, kwa hiyo yeye ataondoka saa ya treni.

Kijana akauliza dada mwenyewe yuko wapi.

Kitinda akasogea kidogo upande mmoja wa benchi, akamimina chai, akaendelea kukaa.